Erlang: Lugha Iliyozaliwa katika Mitambo ya Simu

Mwaka 1909, mwanahisabati wa Denmark aitwaye Agner Krarup Erlang alichapisha makala kuhusu nadharia ya uwezekano na mazungumzo ya simu. Alikuwa mwajiriwa wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, na swali lake lilikuwa la kazini kabisa: ikiwa mji una maelfu ya watu wenye simu, na kila mmoja anapiga saa aitakayo, kampuni itandaze nyaya ngapi ili wapigaji wasikute njia zimejaa? Erlang alionyesha kwamba simu huingia bila mpangilio, kila moja kivyake, lakini wingi wake unaweza kukadiriwa kwa hesabu. Alifariki mwaka 1929. Jina lake likawa kipimo cha msongamano wa simu duniani, na karibu miaka 80 baada ya makala ile likapewa lugha ya kompyuta.

Programu iliyoandikwa kwa lugha hiyo ni mkusanyiko wa programu ndogondogo, pengine mamia ya maelfu, zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kila moja ina kumbukumbu yake peke yake. Hakuna inayoweza kugusa data ya mwenzake. Zikitaka kushirikiana hutumiana ujumbe. Watu wengi huisifu mbinu hii kwa kasi yake, lakini wabunifu wa lugha ya Erlang waliifikia kwa njia nyingine. Walikuwa wakitafuta namna ya kulizuia kosa moja lisiuangushe mtambo mzima.

Massachusetts, 1973: watendaji wa Hewitt

Wazo la programu zinazotumiana ujumbe lilianza kuandikwa rasmi mbali na kampuni za simu. Mwaka 1973 Carl Hewitt wa chuo cha MIT nchini Marekani, pamoja na Peter Bishop na Richard Steiger, waliwasilisha makala katika mkutano wa kimataifa wa akili bandia. Walipendekeza kwamba hesabu yoyote ya kompyuta inaweza kuelezwa kwa kitu cha aina moja tu, ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita mtendaji. Mtendaji anapopokea ujumbe anaweza kufanya mambo matatu: kuumba watendaji wengine, kuwatumia ujumbe watendaji anaowafahamu, na kuamua atakavyoupokea ujumbe utakaofuata. Zaidi ya hayo hana uwezo mwingine.

Hewitt hakuanza na ukurasa mtupu. Lugha za Simula na Lisp zilikuwepo, na Alan Kay alikuwa ameanza kuijenga lugha ya Smalltalk juu ya msingi wa vitu vinavyozungumza kwa ujumbe. Mitandao inayosafirisha data kwa vifurushi nayo ilikuwa ikikua. Hewitt aliona kwamba siku zijazo kompyuta zitakuwa nyingi na zitakaa mbalimbali, na kwamba saa moja ya kuziongoza zote haitakuwepo.

Makala hiyo iliwasumbua wengi kwa ugumu wake. Gerald Sussman na Guy Steele, katika chuo hichohicho, waliandika mfasiri mdogo wa Lisp ili waielewe nadharia ya watendaji kwa vitendo. Kazi hiyo ikazaa lugha ya Scheme mwaka 1975. Uingereza nako, Tony Hoare alichapisha mwaka 1978 nadharia yake ya michakato inayowasiliana, ambamo mtumaji na mpokeaji hukutana na kusubiriana wakati wa kupokezana ujumbe. Kisha mwaka 1986 kikatoka kitabu cha Gul Agha kilichoipa nadharia ya watendaji msingi thabiti wa kihisabati.

Wasomi wakawa na nadharia. Kilichokosekana ni mtu mwenye shida halisi ambayo isingeweza kutatuliwa bila mbinu hiyo.

Stockholm, miaka ya 1980: shida ya kampuni ya simu

Shida hiyo ilikuwa Uswidi. Kampuni ya Ericsson ilikuwa ikitengeneza AXE, mtambo wa kuunganisha simu unaoendeshwa kwa kompyuta. Wa kwanza uliwekwa mwaka 1976 katika mji wa Södertälje, na AXE ikauzwa katika nchi nyingi. Programu zake ziliandikwa kwa lugha ya kampuni yenyewe iliyoitwa PLEX.

Mtambo wa simu una masharti ambayo kompyuta ya ofisini haiyajui. Maelfu ya watu huzungumza kwa wakati mmoja, na kila mazungumzo yana hali yake: huyu anasubiri mlio, yule anabonyeza tarakimu, mwingine amekata. Kosa katika simu moja halina ruhusa ya kukata simu nyingine. Kifaa kikiharibika, huduma lazima iendelee. Programu inapoboreshwa, mtambo hauzimwi, kwa sababu dakika hiyohiyo yuko mtu anayeita zimamoto. Na mambo yote haya yanapaswa kudumu kwa miaka.

PLEX iliyatimiza mengi ya masharti hayo. Ilikuwa na uwezo wa kuanzisha upya sehemu iliyoharibika na kubadili msimbo huku mtambo ukiendelea kufanya kazi. Lakini ilifungamana na mashine za Ericsson, na kuandika kitu kipya kwa PLEX kulichukua muda mrefu. Ndiyo maana maabara ya sayansi ya kompyuta ya kampuni hiyo, iliyoongozwa na Bjarne Däcker, ikapewa jukumu la kutafuta njia bora ya kuandika programu za simu.

Wahandisi wa maabara hiyo walifanya jambo la busara: waliunganisha mtambo mdogo wa simu na kompyuta, wakaandika programu ileile ya simu kwa lugha nyingi tofauti, kisha wakalinganisha. Walijaribu Ada, wakajaribu CLU, wakajaribu lugha za mantiki na nyinginezo. Kila moja ilikuwa na kizuri chake. Zile zilizoshughulikia mambo mengi kwa wakati mmoja zilikuwa nzito kuandika, na zile zilizokuwa nyepesi kuandika hazikujua kufanya mambo mengi kwa pamoja. Hakuna iliyokuwa na jibu la kuridhisha kuhusu makosa.

1986 hadi 1990: kutoka Prolog hadi lugha mpya

Joe Armstrong, Mwingereza aliyesomea fizikia, alijiunga na maabara katikati ya muongo huo. Alianza na Smalltalk, akabuni alama zake mwenyewe za kueleza hatua za simu. Kompyuta ilikuwa ya polepole, na mashine bora iliyoagizwa ilichelewa kufika. Siku moja mwenzake alizitazama zile alama, akamwambia kwamba tayari iko lugha inayoandikwa karibu hivyo: Prolog. Armstrong akaijaribu. Mashine ya Smalltalk ilipowasili, hamu yake ilikuwa imeshahama.

Prolog ilimpa mengi: kulinganisha ruwaza, kanuni fupi zinazosomeka, na uwezo wa kuibadili lugha yenyewe ndani ya siku moja. Ilikuwa na kasoro moja kubwa kwa kazi ya simu. Prolog hutafuta jibu kwa kujaribu njia, na ikikwama hurudi nyuma kana kwamba haikupita pale. Simu iliyokwisha kulia nyumbani kwa mtu haiwezi kurudishwa kuwa haikulia. Kwa hiyo Armstrong akaondoa kurudi nyuma, akaongeza michakato, yaani zile programu ndogondogo zinazofanya kazi sambamba, na akaongeza ujumbe. Kufikia hapo alichokuwa nacho hakikuwa Prolog tena.

Robert Virding alijiunga naye, kisha Mike Williams. Däcker akapendekeza jina Erlang, kwa heshima ya yule mwanahisabati wa Copenhagen. Ni jina ambalo pia linasikika kama kifupi cha lugha ya Ericsson. Jambo la kukumbukwa ni kwamba, kwa maelezo ya wabunifu hawa baadaye, hawakuifuata nadharia ya Hewitt. Walikuja kuifahamu lugha yao ilipokuwa imekwisha kupata umbo. Pande mbili zilizokuwa na maswali tofauti, moja ikiuliza kuhusu akili bandia na nyingine kuhusu simu, zilifika kwenye majibu yanayokaribiana sana.

Kikundi cha wahandisi wa Ericsson huko Bollmora kikawa mtumiaji wa kwanza, kikaijaribu lugha hiyo katika mradi halisi wa simu. Waliandika haraka mara kadhaa kuliko kwa PLEX, lakini programu zao zilijikokota. Wakasema wazi kwamba bila kasi kuongezeka kwa makumi ya mara, lugha hii haitaingia katika bidhaa. Wabunifu watatu wa lugha wakagawana kazi: Armstrong akaandika programu ya kutafsiri msimbo kwenda mashine ya kufikirika, Williams akaandika mashine hiyo kwa lugha ya C, Virding akashughulikia maktaba. Kasi iliyotakiwa ikapatikana.

Kwa nini hakuna kumbukumbu ya pamoja

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa wa usanifu. Lugha nyingi za wakati huo, na nyingi za leo, huruhusu nyuzi kadhaa za programu kusoma na kuandika katika kumbukumbu moja. Ni sawa na wauzaji wawili wanaoandika madeni katika daftari moja la duka kwa wakati mmoja: wasipopangiana zamu, hesabu zitaharibika. Waandishi wa programu huweka kufuli ili kupanga zamu, na kufuli huzaa matatizo yake, kama vile michakato miwili kusubiriana milele.

Wabunifu wa Erlang walikuwa na hoja nzito zaidi ya hiyo. Mchakato ukifa katikati ya kuandika kwenye kumbukumbu ya pamoja, huacha data nusunusu, na wote wanaoitegemea data hiyo wanaambukizwa. Mchakato usio na kitu cha pamoja na wengine hufa na uchafu wake. Kwa hiyo ujumbe katika Erlang hunakiliwa kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, japo kunakili kuna gharama. Mtumaji hasubiri, akishatuma huendelea na kazi yake, tofauti na ilivyo katika nadharia ya Hoare. Mpokeaji ana sanduku lake la barua, na huchagua ujumbe anaoutaka kwa kulinganisha ruwaza. Alama ya kutuma ni moja tu, ile ya mshangao.

Namna hii ya kutuma ilikuwa na faida nyingine. Armstrong alipenda kusisitiza kwamba kompyuta moja haitoshi kuhimili makosa, kwa sababu ikiungua kila kitu kimekwisha. Zinahitajika angalau mbili. Kwa kuwa michakato haikugusana kumbukumbu, haikuwa na haja ya kujua kama mwenzake yuko kwenye mashine ileile au iliyoko ng'ambo. Uwezo wa kusambaza programu katika mashine nyingi uliongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 bila kuvunja msingi wa lugha.

Lilibaki swali la kifo chenyewe: nani atajua kuwa mchakato umekufa? Wabunifu waliazima jibu kutoka mitambo ya zamani ya simu. Katika mitambo ile kulikuwa na waya wa tatu uliopitia kila kifaa kilichohusika katika simu moja. Tatizo likitokea popote, au mmoja akikata, waya huo ulibadilishwa hali na vifaa vyote vya simu hiyo vikaachiliwa. Erlang ikaweka kiungo cha namna hiyo kati ya michakato. Mmoja akifa, aliyeungana naye hupata habari, na huweza kufa pia au kuchukua hatua.

Kutokana na hapo kukazaliwa falsafa ambayo Armstrong aliitetea maisha yake yote: mchakato ukikutana na jambo usilolitarajia, uache uanguke. Usijaribu kujitibu ukiwa mgonjwa. Yuko msimamizi, mchakato mwingine ambao kazi yake ni kuangalia tu, atakayeuanzisha upya ukiwa safi. Wasimamizi nao wana wasimamizi wao, hadi juu. Waandishi wa programu waliozoea kujaza msimbo wao tahadhari za kila kosa linalofikirika waliona huu ni uzembe. Wahandisi wa simu waliuelewa mara moja.

1995 hadi 1998: ushindi na marufuku

Mwezi Desemba 1995 mradi mkubwa wa kubuni mtambo mpya wa kizazi kijacho, ulioitwa AXE-N, ulivunjika baada ya miaka ya kazi. Ericsson ilihitaji mbadala haraka, na Erlang ikachaguliwa. Matokeo yakawa AXD301, mtambo wa kusafirisha sauti na data uliotangazwa mwaka 1998, ukiwa na zaidi ya mistari milioni 1 ya msimbo wa Erlang. Ili kuisaidia miradi ya aina hiyo, kampuni iliunda mwaka 1996 kikundi cha kutunza maktaba na kanuni za ujenzi zijulikanazo kama OTP, ambamo wasimamizi na violezo vingine vilikusanywa ili kila timu isianze upya. Takwimu ya uthabiti wa AXD301, asilimia 99.9999999, ikasambaa sana. Wahandisi wamebishana tangu hapo kuhusu jinsi ilivyopimwa, lakini mtambo ule ulijulikana kuwa imara.

Kisha, Februari 1998, likaja pigo. Kampuni tanzu ya Ericsson Radio ilipiga marufuku matumizi ya Erlang katika bidhaa mpya. Hoja ya wakuu ilieleweka: kampuni ya simu haitaki kubeba peke yake gharama ya lugha ambayo dunia nzima haiitumii, ilhali lugha zenye watumiaji wengi ziko sokoni.

Wapenzi wa Erlang wakajibu kwa hoja ileile. Kama tatizo ni kwamba lugha haina watumiaji nje, basi iachiwe nje. Baada ya mashauriano ya ndani, Ericsson ikakubali, na Desemba 1998 msimbo wa Erlang ukatolewa bure kwa yeyote. Siku chache baadaye wengi wa waliouunda waliacha kazi na kuanzisha kampuni ya Bluetail. Mwaka 2000 Bluetail ikanunuliwa na kampuni ya Marekani, Alteon WebSystems, kwa dola milioni 152.

Marufuku yale yangeweza kuimaliza lugha. Bila hayo, huenda ingebaki siri ya kampuni moja na kuzeeka pamoja na mitambo yake. Armstrong mwenyewe alirudi darasani, akaandika tasnifu ya uzamivu mwaka 2003 katika chuo cha KTH, Stockholm, kuhusu ujenzi wa mifumo ya kutegemewa licha ya makosa ya programu. Mwaka uliofuata Ericsson ikamwajiri tena.

2006: prosesa zaongezeka

Kwa miongo kadhaa, kompyuta zilikuwa na kasi zaidi kila mwaka bila mwandishi wa programu kufanya lolote. Katikati ya miaka ya 2000 joto la prosesa lilifika kikomo. Watengenezaji wakaacha kuongeza kasi ya prosesa moja, wakaanza kuweka kadhaa katika kipande kimoja. Programu zilizotegemea kumbukumbu ya pamoja na kufuli zikaingia taabuni.

Mwaka 2006 toleo jipya la Erlang likawa na uwezo wa kugawanya michakato yake kati ya prosesa zote za mashine. Programu nyingi za zamani ziliongezeka kasi bila kuandikwa upya, kwa kuwa tangu mwanzo michakato yake haikugusana. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya usalama ukalipa kwa kasi, miaka 20 baadaye.

2002 hadi 2014: meseji za dunia

Wakati huo, ujumbe wa papo kwa papo ulikuwa ukichukua nafasi ya simu. Mwaka 2002 Alexey Shchepin alianza kuandika ejabberd, seva ya ujumbe kwa lugha ya Erlang. Facebook ilipofungua huduma ya mazungumzo mwaka 2008, sehemu yake muhimu iliandikwa kwa Erlang. Jan Koum na Brian Acton walianzisha WhatsApp mwaka 2009, wakaijenga seva yao kuanzia ejabberd na kuirekebisha hatua kwa hatua.

Shughuli ya WhatsApp inafanana ajabu na ile ya mtambo wa simu: watu wengi mno wameunganishwa kwa wakati mmoja, kila mmoja anatuma kidogo, na hakuna anayepaswa kuathirika kwa kosa la mwingine. Kila simu iliyounganishwa hupewa mchakato wake. Mwanzoni mwa mwaka 2012 kampuni ilitangaza kuwa seva yake moja imehimili miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa pamoja. Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua huduma hii kwa matumizi ya kila siku. Kikundi cha mchango wa harusi Mombasa, tangazo la msiba Mwanza, oda ya mfanyabiashara wa Lubumbashi: vyote hupita katika michakato midogo ya aina ileile iliyobuniwa kwa simu za mezani za Uswidi.

Warithi

Mafanikio hayo yaliwavuta wengine. Jonas Bonér, Mswidi, alianzisha Akka mwaka 2009 ili kuwapa watumiaji wa Java na Scala watendaji na wasimamizi wa namna ya Erlang. Microsoft ilibuni Orleans, ambayo ilitumika katika huduma za mchezo wa Halo 4. José Valim wa Brazil alibuni Elixir, lugha yenye sura ya kisasa inayotumia mashine ileile ya Erlang. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2014. Sylvan Clebsch naye alibuni Pony, ambamo kompyuta hukagua mapema, kabla programu haijaanza kazi, kwamba hakuna watendaji wawili wanaoweza kuharibiana data. Pony inajibu malalamiko ya siku nyingi kuhusu gharama ya kunakili ujumbe: mtendaji akithibitishwa kuwa hana tena nafasi ya kuigusa data, inaweza kukabidhiwa kwa mwenzake bila kunakiliwa.

Mbinu hii ina mipaka yake. Sanduku la barua lisilo na kikomo linaweza kujaa hadi kumaliza kumbukumbu. Ujumbe unaweza kupotea njiani kati ya mashine mbili, na mtumaji asijue. Kazi za hesabu nzito, kama vile kufunza akili bandia, hazikuwahi kuwa nguvu ya Erlang. Anayebuni lugha mpya ya watendaji leo anakutana na maswali hayo mapema.

Joe Armstrong alifariki Aprili 2019, na Carl Hewitt Desemba 2022. Ericsson, iliyokuwa imeipiga marufuku lugha hii katika tawi lake moja, bado inaitunza na kuitumia katika mitambo ya simu za mkononi. Msimbo wake ni huria, na tasnifu ya Armstrong inasomeka bure mtandaoni. Vijana wanaosomea kompyuta Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na ambao kesho watajenga mifumo ya malipo, hospitali na usafiri isiyoruhusiwa kuzimika, wangefanya vema kuisoma mapema, kabla hawajaandika kufuli yao ya kwanza.